Kidole kwenye Mstari

Ukitaka kumtambua mtu aliyekulia katika mtaa ule, usimuulize anakaa wapi. Mwache aongee. Katikati ya maneno atanyamaza, atainua kiganja kidogo, macho yatatulia, ndege itapita juu ya paa na mabati yatatetemeka, halafu ataendelea kutoka neno lile lile alilokuwa amelishikilia. Hatarudia alichokwisha kusema, na wewe huna ruhusa ya kumnyang'anya zamu. Neno lililokatwa na ndege linabaki mali ya mwenyewe. Hiyo ndiyo sheria ya mtaa, hakuna aliyeiandika, na inaheshimiwa kuliko nyingi zilizoandikwa. Watu wameposana hivyo, wamezikana hivyo, na wamegombana hivyo pia, ingawa ugomvi wa kungoja ndege una tabu yake: hasira ikisimamishwa hupoa, na wengi wamejikuta wanacheka kabla tusi halijafika mwisho.

Katika mtaa mzima hakuna aliyejua kungoja kama Mwalimu Kidole. Jina hilo alipachikwa na wanafunzi ambao leo ni wazazi, wana vitambi na madeni, na bado wakikutana naye njiani wanaficha sigara. Hakulichukia. Wapo walimu waliopewa majina ya kuonea aibu, yeye kupewa kidole aliona ni heshima.

Alifika pale akiwa bibi harusi, mumewe akiwa mpakiaji mizigo katika uwanja wa ndege, na shule iko hatua chache kutoka nyumbani kwao. Siku hizo ndege zilikuwa adimu, watoto wakitoka darasani kuzipungia mikono, na mwalimu naye akitoka nao. Kisha zikaongezeka taratibu, kama mgeni anayekuja na begi dogo na mwisho analeta kitanda. Hakuna mwaka ambao mtu angeweza kusema, hapa ndipo zilipozidi. Ila Mwalimu aligundua kwamba watoto wakisoma kwa sauti, ndege ikipita wanapotea kwenye ukurasa, na kelele zikiisha kila mmoja anaanza mahali pake, darasa linageuka soko.

Ndipo alipobuni lile lililompa jina. Akisikia mngurumo kwa mbali alisema, "Kidole kwenye mstari," na darasa zima likaweka kidole juu ya neno lililofikiwa, likainua macho, likangoja. Kelele zikipita wote waliendelea pamoja. Walimu wengine wakaiga. Wakaguzi walipokuja walisifu nidhamu ile, wakasema hawajaiona kwingine. Bila shaka hawajaiona, kwingine hawakuihitaji. Lakini Mwalimu alijivunia, na alikuwa na haki yake.

Nyumbani mambo yalikuwa kinyume. Mumewe alishastaafu, na masikio aliyaacha kazini. Kwa kuwa hakuzisikia ndege, hakuzingoja. Yeye peke yake mtaa mzima alizungumza moja kwa moja, kwa furaha tele, na wasikilizaji wakaambulia vipande. Alikuwa na kisa chake kimoja alichokipenda mno, cha jogoo aliyewika ndani ya begi la msafiri. Kila mtu alijua kwamba jogoo aliwika, na kwamba mwishowe mzee alifokewa na mkubwa wake mbele ya watu. Katikati palikuwa na ndege. Watu walicheka hata hivyo, kwa adabu, na yeye akacheka zaidi yao.

Aliyemsikiliza kweli ni mjukuu wao. Mama yake alikuwa muuguzi katika mji mwingine, na mtoto alilelewa na babu na bibi. Jioni alikaa barazani akiwa amejibanza kwa babu yake, kichwa kwenye bega, sikio karibu na mdomo wa mzee. Shuleni alikuwa darasa la tatu, darasa la bibi yake mwenyewe, na huko ndiko kulikokuwa na jambo lililomnyima Mwalimu usingizi. Mtoto hakuwa anasoma. Angeanza vizuri, angesimama, na akisimama ndiyo basi, uso unafunga kama duka. Mganga hajigangi, walisema majirani, tena kwa upole, na upole wenyewe ndio uliouma. Mwalimu alimfundisha jioni, alimfundisha Jumamosi, akimkumbusha kidole, kidole, mjukuu wangu. Mtoto aliweka kidole. Hakusoma.

Ni wakati huo ndipo alipokuja Bwana Thelathini.

Alikuwa afisa mipango wa uwanja wa ndege, mtu wa makamo, mpole, mwenye begi refu la ramani. Jina alilipata siku ya kwanza, aliposimama mbele ya kamati ya wakazi na kueleza kwamba uwanja unapangiwa miaka thelathini ijayo: njia ya pili ya kurukia, jengo jipya la abiria, barabara pana, na mengineyo. Babu mmoja aliinua mkono akasema, "Mwanangu, mimi sijapanga hata Jumatatu." Watu walicheka, na afisa naye akacheka kwa moyo, na nadhani hiyo ndiyo sababu aliruhusiwa kurudi.

Alichokileta kilikuwa hiki. Njia ya pili ikijengwa, ndege zitapita juu ya shule kutoka pande mbili. Kwa hiyo mawili. Ama shule ibaki, iwekewe madirisha ya vioo viwili na dari nene ya kupunguza kelele, ama ihamishiwe ng'ambo ya kilima, kwenye uwanja mpana, na watoto wapelekwe kwa basi. Kamati ichague, na itakachochagua kitaingia kwenye mpango. Aliyasema hayo bila haraka, akingoja ndege zipite, ingawa alikuwa anachelewa kuanza kungoja na anachelewa kumaliza, kama mtu anayecheza ngoma asiyoizoea.

"Akufukuzaye hakwambii toka," alisema Mwenyekiti.

Mwenyekiti alikuwa fundi cherehani, mwanamke mwenye sauti ya kutosha uwanja, rafiki wa Mwalimu tangu wote wakiwa maharusi. Duka lake lilitazamana na lango la shule, na sare zote za mtaa zilipita mikononi mwake. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: shule ikiondoka, wenye watoto wataifuata, watabaki wazee na panya, na mtaa usio na shule ni rahisi kuufuta kwenye ramani. Nani angembishia? Kamati ikakubaliana kwamba siku ya kikao cha mwisho Mwalimu Kidole ndiye atakayesema kwa niaba ya wote, kwa sababu neno lake halikuwa na mpinzani. Na neno lenyewe lilijulikana. Shule haitoki. Yeye mwenyewe alilijua na alikuwa ameanza kulipamba.

Kabla ya kikao, Bwana Thelathini alileta ombi. Ng'ambo ya kilima kulikuwa na shule yenye chumba kitupu. Darasa moja liende likasome huko kwa wiki, wazazi waone safari ya basi ilivyo. Mwenyekiti alinusa mtego. Mwalimu alikubali mara moja, tena kwa majivuno: twende, akasema, wakaone watoto wetu walivyofundishwa. Alichagua darasa lake. Mkamia maji hayanywi, lakini nani humkumbusha mwalimu methali?

Ng'ambo ya kilima kulikuwa kimya. Si kimya cha kutisha, ni kile cha kawaida cha mahali penye miti na watu wanaofanya kazi, lakini watoto walishuka kwenye basi wakashikana mikono. Mmoja aliuliza kama kuna msiba. Darasani walijibu maswali kwa kupayuka, na mwalimu mwenyeji, kijana mwenye tabasamu, alirudi nyuma hatua moja akisugua sikio. Mwalimu Kidole aliona haya kidogo, akajiambia ni ugeni. Akatoa vitabu.

Mtoto wa kwanza alisimama, akasoma vizuri hadi kwenye mkato, akanyamaza. Kidole kwenye mstari, macho juu. Akakaa hivyo. Kisha akaendelea kidogo, akanyamaza tena. Wa pili vilevile. Wa tatu vilevile. Na kila msomaji aliponyamaza, darasa zima lilinyamaza naye, vidole vimetulia, nyuso zimeinuliwa darini, na juu ya dari hapakuwa na kitu.

Mwalimu mwenyeji alisogea karibu akamwinamia.

"Samahani, Mwalimu," alimnong'oneza. "Wanamngoja nani?"

Mwalimu Kidole alifungua mdomo amjibu, na hapo akaona kwamba kiganja chake mwenyewe kiko hewani.

Alikishusha. Siwezi kukwambia alichojisikia isipokuwa kusema kwamba aliogopa, kama mtu anayegundua kwamba amekuwa akichechemea na hakuna aliyewahi kumwambia. Siku iliyofuata aliwaambia watoto wasiweke kidole, wasome tu hadi mwisho. Walijaribu. Walisoma mpaka pale ambapo kwa kawaida ndege ingekuja, wakasita, wakatazamana. Mwanzoni alidhani ni utundu, akakaribia kukasirika. Baadaye aliona kuwa wanataka na hawawezi, akaacha. Alikaa nyuma ya darasa akawatazama watoto aliowapenda, waliojua kuanza kila kitu.

Lakini watoto ni watoto. Ilipofika katikati ya wiki mmoja alivuka mkato bila kujua, akafika mwisho wa ukurasa, akashangaa mwenyewe, wenzake wakampigia makofi. Mwingine akafuata. Sauti zikashuka. Mwalimu mwenyeji akaacha kusugua sikio.

Siku ya mwisho wenyeji walikuwa na desturi ya hadithi, yeyote anayetaka anasimama kusimulia. Mjukuu akanyoosha mkono. Bibi yake alikaribia kumwambia aushushe, asije akaaibika mbele ya wenyeji, na ninamshukuru Mungu kwa niaba yake kwamba hakuwahi.

Mtoto alisimulia kisa cha jogoo. Alisema jinsi wapakiaji walivyosikia begi likiwika wakatimua mbio, na babu yake akabaki, si kwa ushujaa, bali begi lilikuwa limemwangukia mguuni. Babu akalifungua, na jogoo akatoka akatembea kwa maringo hadi kwenye njia ya kurukia, na ndege iliyojaa watu ikaamriwa isimame imngoje jogoo apite. Darasa lilikuwa limeshaanguka kwa kicheko. Mtoto akawangoja wacheke, kisha akaendelea, na hapa ndipo palipokuwa pamemezwa na ndege miaka yote. Mwenye begi alikuwa bibi mmoja aliyekuwa anasafiri kumfuata mwanawe. Mwana aliondoka nyumbani kwa ugomvi, na siku anaondoka aliacha kifaranga alichokuwa anakilea. Bibi hakujua kuandika barua ya kumwambia mwanawe kuwa amemsamehe, akaona ampelekee jogoo, ataelewa. Wakubwa wakaamuru jogoo atupwe nje. Babu akamfunika ndani ya koti lake la kazi, akapanda naye ngazi za ndege kama anayepeleka mzigo uliosahaulika, akampakatisha yule bibi jogoo wake, akamwambia, mama, akiwika tena, kohoa. Ndipo alipofokewa mbele ya watu, na hakusema kwa nini.

Mtoto alimaliza, akakaa. Hakusita hata mahali pamoja.

Mwalimu Kidole alilia pale pale kwenye kiti cha nyuma, kiti cha kitoto, magoti yakiwa karibu na kidevu. Alimlilia mjukuu, ambaye hakuwa mzito wa akili hata kidogo. Alikuwa amechoka kuanza na kukatizwa. Na alimlilia mumewe pia, mwanamume aliyeishi naye maisha yake yote na kumcheka kwa kisa ambacho hakuwahi kukisikia. Jioni ile alivuta kiti barazani, akamwinamia mzee sikioni, akamuuliza kwa sauti kama ni kweli kuhusu yule bibi na mwanawe.

Mzee alimtazama kwa mshangao. "Mke wangu," alisema, "hicho nimekusimulia mara ngapi?"

Kikao kilifanyika shuleni, watu wamebanana kwenye madawati ya watoto wao. Bwana Thelathini alitandika ramani. Mwenyekiti alifungua kikao kwa maneno makali na mazuri, akamkaribisha rafiki yake akiwa na uhakika wote. Mwalimu alisimama. Alikuwa amepiga moyo konde tangu asubuhi, lakini moyo kupigwa konde hakumaanishi kwamba hauumi.

Aliwaeleza alichokiona ng'ambo ya kilima, bila kupamba. Alieleza kuhusu vidole, na macho darini. Kila ndege ilipopita alingoja, nao wakangoja, na kila walipongoja baadhi yao walianza kutazamana.

"Nilidhani nawafundisha kusoma," alisema mwishoni. "Nimewafundisha kungoja. Na nilisifiwa kwa hilo. Shule ihamishwe."

Palikuwa kimya, na safari hii hapakuwa na ndege. Kisha minong'ono ikapanda. Mmoja alisema wazi kwamba Mwalimu amenunuliwa. Mwingine alimwambia akae chini na heshima yake. Mwenyekiti hakupiga kelele. Aliuliza tu, kwa sauti ambayo rafiki yake hakuwahi kuisikia kwake.

"Na sisi tutakaobaki, dada yangu? Tuna nani?"

"Mimi nabaki," Mwalimu alijibu. "Nyumba yangu iko hapa. Mzee wangu hatoki hapa, hata ukimvuta kwa trekta. Lakini sisi tumezoea, mwenzangu. Hilo ndilo lililonitisha. Sitaki nao wazoee."

Kisha akamgeukia Bwana Thelathini, ambaye alikuwa ameanza kukunjua uso kwa shukrani, akamwambia asifurahi bado. Basi la watoto liandikwe kwenye mpango kabla ya njia ya pili, na njia ya pili isianze mpaka basi limetembea. Jengo hili la shule libaki mikononi mwa mtaa, liwe zahanati au chochote wakazi watakachotaka, lisigeuzwe maegesho. Sare za shule mpya zishonwe hapa hapa. Na hayo madirisha ya vioo viwili, kwa kuwa yameshaahidiwa, yawekwe kwenye nyumba za watu. Bwana Thelathini aliandika yote. Alisema mengine si ya mamlaka yake, lakini atayapeleka. Mwalimu akamwambia ayapeleke kwa sauti kubwa.

Kura zilipigwa kwa mikono. Shule ikahama, kwa tofauti ndogo, na mikono mingine ilipanda kwa shida kama inainua gunia.

Sitakudanganya kwamba yote yalitimia. Basi lilikuja. Jengo lilibaki kuwa la mtaa, na lina zahanati. Madirisha yalifika kwenye baadhi ya nyumba, nyingine bado zinaahidiwa. Fundi cherehani alipewa kazi ya sare, akazishona vizuri kama kawaida yake, lakini kwa muda mrefu alimsalimia Mwalimu kama mteja: karibu, asante, kwaheri. Baadhi ya familia zilihamia ng'ambo ya kilima kama alivyotabiri. Hakuwa amekosea, na Mwalimu alimwambia hivyo siku moja dukani. Fundi alikata uzi kwa meno, akamvutia kiti. Mwalimu akakaa.

Mwalimu hakwenda na shule. Muda wake wa kustaafu ulikuwa umefika. Ndege za njia ya pili zilipoanza, alikuwa barazani na mzee wake, akisikia kwa niaba ya wote wawili.

Alasiri basi linasimama mbele ya zahanati na mjukuu anashuka akiwa ameshaanza kuongea. Anasoma sasa, tena vitabu vinene, na yote aliyoyasoma lazima ayasimulie. Anatupa mkoba, anakaa kwenye ngazi, anamwaga maneno: mwalimu alisema hivi, mimi nikasema vile, halafu kwenye kile kitabu yule mtu akarudi na unajua alikuta nini? Ndege inapita na mtoto anaendelea, midomo inacheza, mikono inachora, uso umejaa habari. Amesahau kabisa kwamba watu hungoja. Nusu ya anayoyasema bibi yake hayasikii, na kwa jinsi ndege zinavyoongezeka, itakuwa zaidi ya nusu.

Mara nyingi kiganja hutaka kuinuka, na neno moja tu, ngoja, hufika kwenye ulimi wake. Mwalimu hulimeza. Anamtazama mtoto usoni, anatikisa kichwa panapoonekana pa kutikisa, na anamwacha amalize.